Beryl Markham: Binti wa mwenye kinu aliyevuka Atlantiki kwa saa ya kuazima

Huko Mtinko, mkoani Singida, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa huo, mazao huuzwa kwa namna mbili. Wapo wakulima wanaosubiri mavuno ndipo waulize bei, na wapo wanaokubaliana bei na mnunuzi mapema, kabla haijajulikana mvua itakuwaje. Anayekubali bei mapema hulala usingizi mzuri hadi mwezi wa Februari. Mvua ikikatika katikati ya msimu, bei ya soko ikapanda, ndipo mmoja kati ya waliokubaliana anaanza kukosa usingizi. Ni nani, inategemea aliahidi nini.

Mkataba wa aina hiyo ndio uliomfilisi mkulima mmoja wa Njoro, nchini Kenya, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kumfanya binti yake aanze maisha bila shamba na bila urithi. Binti huyo alikuwa Beryl Markham. Alifundisha farasi, akawa rubani wa kukodiwa, akapeleka mitungi ya hewa hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Tanganyika, na mwaka 1936 akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege akiwa peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Mkononi alikuwa amevaa saa ambayo haikuwa yake.

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902 akiitwa Beryl Clutterbuck. Alipokuwa na umri wa miaka minne familia yake ilihamia Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alipata ardhi Njoro, katika Bonde la Ufa. Ikumbukwe kwamba ardhi hiyo haikuwa bure kwa maana ya kutokuwa na wenyewe. Mwaka 1904 Wamaasai walikuwa wameondolewa katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa kwa mkataba na serikali ya kikoloni, na walowezi wakagawiwa maeneo yao. Mama yake Beryl hakuyaweza maisha yale, akarudi Uingereza na mtoto wa kiume. Beryl alibaki na baba yake, akakua na watoto wa Kinandi na Kipsigis, akijifunza kuwinda na kuzungumza kama wao. Rafiki yake wa utotoni, arap Ruta, alikuja kufanya kazi naye kwa miaka mingi, kwanza kwenye farasi na baadaye kwenye ndege.

Njoro ya wakati ule ilikuwa shamba la majaribio, na majaribio mengi yalishindwa. Jirani yao, Lord Delamere, alipanda ngano kwa maelfu ya ekari, kutu ikaiteketeza. Ndipo alipoanzisha maabara ndogo hapo hapo Njoro na kumwajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazovumilia ugonjwa huo. Kazi hiyo haikufa. Kituo cha utafiti cha Njoro ndicho ambacho baadaye kilipokea ngano kutoka nchi nyingi duniani ili zipimwe dhidi ya kutu ya shina iliyoanzia Uganda na kupewa jina la Ug99. Mkulima wa Hanang anayepanda ngano leo ana deni fulani kwa hasara ya Delamere, hata kama hajapata kumsikia.

Clutterbuck hakuitegemea ngano ya shambani kwake peke yake. Alikata mbao, akafuga farasi wa mashindano, na zaidi ya yote akajenga kinu cha kusaga nafaka. Biashara ya kinu ilikuwa nzuri. Alinunua mahindi na ngano kwa wakulima wengine, akasaga, na kuuza unga kwa mikataba mikubwa.

Mkataba wa unga

Kosa lake lilikuwa la kawaida kabisa, na linafanyika hadi leo. Alitia saini mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyopangwa kwa msimu mzima, huku nafaka ya kusaga akiwa bado hajainunua. Kisha mvua ikagoma. Mashamba yakakauka, nafaka ikaadimika, bei yake ikapanda kupita bei aliyoahidi kuuzia unga.

Chukulia mwenye mashine ya kusaga aliyeahidi kutoa unga kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Mahindi yakifika shilingi 1,200 sokoni, kila kilo anayosaga inamtia hasara kabla hajahesabu dizeli, magunia na vibarua. Akisaga sana, hasara inakua. Asiposaga, amevunja mkataba. Angekuwa amefunga bei pande zote mbili, yaani ya kununulia na ya kuuzia, ukame ungemuumiza kidogo tu. Lakini alifunga upande mmoja, ule mwingine akauachia mvua.

Clutterbuck alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kujitangaza ameshindwa mapema na kuokoa sehemu ya mali. Hakufanya hivyo. Alitimiza mikataba yote, gunia kwa gunia, hadi fedha zilipomwishia. Kinu kikaenda, shamba likaenda, farasi wakapigwa mnada. Yeye mwenyewe alisafiri hadi Peru, Amerika ya Kusini, kutafuta kazi ya kufundisha farasi.

Beryl alikuwa msichana wa miaka kumi na nane hivi. Alikuwa ameshaolewa akiwa bado mdogo sana, na ndoa hiyo haikudumu. (Mambo ya ndoa zake tatu na ya wanaume wengine yameandikwa mno na watu wengine, na hayamsaidii mkulima.) Alichobaki nacho ni farasi mmoja wa kupanda na ujuzi alioupata kwa baba yake. Alikwenda Molo, akaanza kufundisha farasi wa watu kwa malipo, na akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupewa leseni ya kazi hiyo. Mtaji wake ulikuwa ni ujuzi tu. Farasi walikuwa wa wenyewe, chakula cha farasi walilipa wenyewe, naye alipata ada na sehemu ya zawadi farasi akishinda. Kwa mtu aliyeona kinu kikimezwa na ukame, huo ulikuwa mpangilio wa busara, maana hasara kubwa ilibaki kwa mwenye mali.

Akaanza kuruka

Mwaka 1929 Bi. Florence Wilson, pamoja na rubani Tom Campbell Black, walianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mjini Nairobi. Barabara za Afrika Mashariki zilikuwa mbaya, reli zilipita sehemu chache, na kuanzia mwaka 1932 ndege za Imperial Airways za kutoka Cairo kwenda Cape Town zilikuwa zikitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Waliokuwa na haraka na fedha walikuwa tayari kulipa.

Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl kuruka. Alipata leseni ya kwanza mwaka 1931, mwaka ule ule rafiki yao Denys Finch Hatton alipokufa kwa ajali ya ndege huko Voi. Kifo hicho hakikumzuia. Mwaka uliofuata aliruka peke yake hadi Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Avro Avian. Mwaka 1933 alipata leseni ya kufanya biashara, wa kwanza kwa wanawake wa Kenya. Akaanza kubeba barua, abiria, dawa, na kutafuta makundi ya tembo kutoka angani kwa ajili ya matajiri waliokuja kuwinda. Kazi hiyo ya mwisho ililipa vizuri, ingawa mtu wa leo hawezi kuisoma kwa raha.

Safari moja aliyoieleza mwenyewe katika kitabu chake ilimleta Tanganyika. Kambi ya wachimba dhahabu ya Nungwe, kando ya Ziwa Victoria, ilikuwa na mgonjwa wa mapafu aliyehitaji mtungi wa oksijeni. Dhahabu ilikuwa imevuta watu wengi kanda ile, kama ilivyowavuta Sekenke, katika Iramba, tangu wakati wa Wajerumani. Beryl aliondoka Nairobi usiku, bila redio, akavuka nyika ambayo haikuwa na taa hata moja, na kutua kwenye kiwanja kilichowashiwa mienge.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: rubani asiye na redio, usiku, anajuaje alipo? Jibu ni saa. Anajua mwendo wa ndege, anajua dira inaelekea wapi, na anajua ameruka kwa muda gani. Ni hesabu ile ile ya mwendesha pikipiki: anayekwenda kilomita 40 kwa saa, baada ya nusu saa amemaliza kilomita 20. Tofauti ni kwamba mwendesha pikipiki akikosea anaona mti wa mbuyu anaoujua, akajirekebisha. Rubani wa usiku haoni kitu. Ramani na dira havina maana kwake bila saa, na saa ikisimama bila yeye kujua, amepotea.

Kwa waliotumia nyota kutafuta mahali walipo, hesabu ilikuwa kali zaidi. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, hivyo saa ikikosea kwa sekunde nne tu, rubani aliye karibu na ikweta anakosea mahali pake kwa karibu kilomita mbili. Ndiyo sababu miaka ile mafundi wa Uswisi walianza kutengeneza saa maalumu za marubani. Longines walitoa ile iliyobuniwa na Weems, mwanajeshi wa majini wa Marekani, ambayo sekunde zake zingeweza kulinganishwa na mlio wa redio bila kuisimamisha saa. Ikafuata ile ya Charles Lindbergh mwaka 1931.

Saa ya Mollison

Mwaka 1936 mlowezi tajiri wa Kenya, John Carbery, alimpa Beryl nafasi ya kuruka na ndege yake mpya aina ya Vega Gull, yenye namba za Kenya, VP-KCC. Sharti lilikuwa moja: aivuke Atlantiki kutoka Uingereza kwenda Marekani. Wengi walikuwa wamevuka kwa upande wa pili, akiwemo Amelia Earhart mwaka 1932, kwa sababu upepo wa huko huvuma kutoka magharibi na kumsukuma rubani. Kwenda magharibi ni kupigana na upepo njia nzima, na petroli inaliwa kwa kasi hiyo hiyo.

Ndege ilifungwa matangi ya ziada hata ndani ya chumba cha abiria. Redio haikuwamo. Kabla hajaondoka, Jim Mollison alikuja kumuaga. Huyu alikuwa Mskoti aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la anga la Uingereza, na alikuwa ameivuka Atlantiki ya Kaskazini peke yake mwaka 1932 na ile ya Kusini mwaka 1933. Alivua saa yake ya mkononi akampa Beryl, akimweleza wazi kwamba si zawadi bali ameazima, kwamba ilimvusha bahari zote mbili, na kwamba asiipoteze wala asiiloweshe, maana maji ya chumvi yangeua mashine yake. Lilikuwa agizo la ajabu kumpa mtu anayekwenda kuruka usiku kucha juu ya maji ya chumvi. Pengine Mollison alijua kwamba mtu mwenye jukumu la kurudisha kitu cha mwenzake hukazana kurudi.

Aliondoka uwanja wa kijeshi wa Abingdon saa 12:50 jioni, tarehe 4 Septemba 1936. Mvua, mawingu na upepo vilimngoja. Tangi moja lilikuwa limeandikwa kwamba linatosha kwa saa nne. Petroli ya tangi likiisha, injini huzima, na rubani lazima afungue bomba la tangi linalofuata gizani, huku ndege ikishuka. Hayo yalimpata usiku ule wa kwanza. Injini ilikohoa ikazima, naye akapapasa bomba huku bahari ikikaribia, hadi injini ilipowaka tena zikiwa zimebaki futi mia chache tu kufika majini. Baada ya hapo ilibaki kuhesabu: saa mkononi, dira mbele, na tangi la mwisho.

Asubuhi aliiona nchi kavu ya Amerika. Petroli ilikuwamo bado katika tangi la mwisho, lakini injini ilianza tena kukata. Sababu iliyoelezwa ni barafu iliyoziba tundu la hewa la tangi hilo, kwa hiyo petroli ilishindwa kushuka. Kila mwenye pampu ya kumwagilia anajua tatizo hilo kwa sura yake ndogo: kifuniko cha tangi kisipopitisha hewa, injini inazima na mafuta yamo. Aliishusha ndege kwenye bwawa la tope huko Cape Breton, Kanada, baada ya saa 21 na dakika 25 angani. Ndege ilizamisha pua, naye akaumia kichwa. New York, alikokusudia kufika, alifika kwa ndege nyingine, na watu wakajaa barabarani kumlaki. Wiki mbili baada ya safari hiyo Campbell Black, mwalimu wake, alikufa kwa kugongwa na ndege ya jeshi uwanjani Liverpool.

Saa za aina aliyoazimwa Beryl zilipata soko kubwa kuliko lote katika vita vilivyoanza mwaka 1939. Ujerumani iliwapa marubani na waongoza ndege wake saa kubwa za milimita 55, zilizovaliwa juu ya mkono wa koti, zikitengenezwa na nyumba tano tu: Lange, IWC, Stowa, Laco na Wempe. Marekani ilikuwa na A-11 ya Elgin, Waltham na Bulova, ambayo mshale wa sekunde husimama taji likivutwa, ili marubani wote waanze kwa sekunde moja. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 ilipata Mark XI, yenye kava la chuma laini ndani ya kulinda mashine dhidi ya sumaku za vyombo vya ndege.

Majeshi yalipoziuza kama vyombo vilivyochakaa, hazikuwa na thamani kubwa. Sasa ni mali, na watu wa Ulaya, Marekani na Japani huzikusanya na kuzikarabati. Kinachowapa bei ni kile ambacho fundi wa mtaani kwetu angekiondoa kwanza: mikwaruzo, rangi ya uso iliyogeuka manjano, alama za jeshi zilizochongwa kwenye mgongo. Saa iliyosuguliwa ikang'aa au kupakwa rangi upya usoni hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Ukarabati unaokubalika ni wa ndani: kuosha mashine, kutia mafuta tone kwa tone, kubadili kamani iliyochoka kwa kamani ya aina ile ile, na kutunza kila kipande kilichotolewa.

Wazee wengi wa Tanganyika walipigana vita vile katika jeshi la KAR, na bado kuna nyumba zenye saa ya kutia ufunguo ndani ya sanduku. Nyingi ni saa za kawaida tu, na mwenye nazo asidanganywe na mtu yeyote kwamba ana hazina. Lakini kabla ya kumpa fundi au kumuuzia mpita njia, ageuze mgongo wa saa asome kilichochongwa. Jambo moja la hatari: namba zilizong'aa gizani katika saa za zamani zilipakwa madini ya radiamu, yenye mionzi. Mng'ao hufa mapema, lakini mionzi hubaki kwa zaidi ya miaka elfu moja. Uso wa saa kama hiyo haukwanguliwi wala kupulizwa vumbi lake, na watoto hawapewi kuchezea.

Beryl hakutajirika kwa safari ile. Mwaka 1942, akiwa Marekani, kilitoka kitabu cha maisha yake, West with the Night. Kilisifiwa, hakikuuzwa sana, kikasahauliwa kwa sababu ya vita. Wapo wanaosema mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika au kukinyoosha, na ubishi huo haujaisha. Alirudi Kenya, akarudia kazi ile iliyomlisha tangu Molo, na farasi wake wakashinda mashindano makubwa ya Nairobi mara nyingi.

Uzeeni alikuwa maskini, akiishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Ndipo mtu mmoja huko California alipokuta barua ya zamani ya Ernest Hemingway akikisifu kitabu hicho kupita kiasi. Kilichapwa tena mwaka 1983, kikauzwa sana, na fedha zake zikamtunza miaka yake ya mwisho. Katika mali zote alizowahi kugusa, yaani shamba, farasi na ndege, kitabu kilichokaa bure miaka 40 ndicho kilichomlipia mkate. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 tangu aondoke Abingdon.

Vega Gull ilitolewa topeni, ikarudishwa kwa mwenyewe. Kwa mujibu wa kitabu chake Beryl, iliuzwa kwa tajiri mmoja wa Kihindi aliyeiweza kuirusha ila hakujua kuitunza. Aliiacha nje, kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, katika hewa ile ya chumvi ambayo Mollison aliihofia kwa ajili ya saa yake. Injini ikashika kutu, mabawa yakabambuka, na hakuna aliyeishughulikia tena.